Eagles Wamechota kwa Poco

Jamani, nimechoka kusikia eti kantri-roki ililetwa na Eagles. Nani kawaambia? Poco walianza Los Angeles mwaka 1968, Eagles hawajaundwa bado. Furay na Messina walitoka Buffalo Springfield iliyovunjika. Rusty Young akalipiga gitaa lake la chuma hadi likalia kama kinanda cha kanisani.

Sasa tazameni uchotaji. Mpiga besi Randy Meisner aliondoka Poco 1969, albamu ya kwanza haijatoka. Mwaka 1971 huyo, mwanzilishi wa Eagles! Nafasi yake Poco kashika Timothy B. Schmit. Meisner akaacha Eagles 1977, wakamchukua nani? Schmit huyo huyo.

Halafu wenzangu mnaoandika habari za muziki mnanakili orodha ya mauzo na kusema Poco "walishindwa". Kisima gani hicho kikavu kinachochotwa mara mbili? Kweli, Furay alichoka kungoja umaarufu, akaenda zake 1973. Lakini Young alibaki, na 1979 "Crazy Love", utunzi wake, ukapanda chati kuliko wimbo wowote wa Poco. Schmit alikwisha kuhama.