Alama Ndogo Si Hati ya Usalama: Somo la Homa ya Mafua ya Mwaka 2009

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kila mwaka kati ya watu milioni 3 na milioni 5 duniani hupata homa ya mafua iliyo kali, na kati ya watu 290,000 na 650,000 hupoteza maisha kwa matatizo ya upumuaji yanayotokana nayo. Kwa hospitali yoyote, swali gumu ni moja: kati ya wagonjwa waliofika leo, ni nani atakayezidiwa kesho?

Ili kujibu swali hilo, madaktari hutumia mifumo ya alama za ukali wa ugonjwa. Unaofahamika zaidi ni CURB-65, uliotolewa mwaka 2003 kwa ajili ya wagonjwa wa nimonia. Mgonjwa hupewa alama moja kwa kila dalili kati ya tano: kuchanganyikiwa akili, urea ya damu kuzidi milimoli 7 kwa lita, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu kushuka chini ya kiwango kilichowekwa, na umri wa miaka 65 au zaidi. Mwenye alama 0 au 1 huhesabiwa kuwa katika hatari ndogo, ilhali alama 3 na kuendelea humaanisha hatari kubwa.

Manufaa ya utaratibu huu ni bayana. Vitanda vya wagonjwa mahututi na mitungi ya oksijeni havitoshelezi wakati wa mlipuko, na alama huwapa watumishi wa afya lugha moja ya kuamua nani ahudumiwe kwanza, bila kujali anayefahamiana na nani. Aidha, upo mfumo wa CRB-65 usiohitaji kipimo cha urea, hivyo unaweza kutumika hata mahali pasipo na maabara.

Hata hivyo, janga la homa ya mafua la mwaka 2009, lililosababishwa na kirusi cha H1N1, lilifichua upungufu wake. Katika misimu ya kawaida, wazee ndio hufariki kwa wingi. Safari hii, asilimia 80 ya vifo ilikadiriwa kuwa ya watu walio chini ya miaka 65. Miongoni mwa walioathirika zaidi walikuwamo wajawazito, watu wenye uzito uliopitiliza na wenye maradhi sugu kama pumu. CURB-65 haitoi alama hata moja kwa ujauzito, uzito wala pumu. Mjamzito wa miaka 25 aliyekuwa akipungukiwa oksijeni angeweza kupata alama 0 na kuonekana hana hatari.

Watafiti nchini Uingereza walilinganisha CURB-65 na mifumo mingine kwa wagonjwa waliolazwa wakati wa janga hilo. Uliotabiri vizuri zaidi ni ule uitwao CAT, ambao hauhesabu umri. Badala yake huangalia kupumua kwa shida, oksijeni ya damu kuwa asilimia 92 au pungufu, uchovu wa kupumua, upungufu mkubwa wa maji mwilini na kubadilika kwa fahamu, huku ukiacha nafasi kwa wasiwasi mwingine wa mtabibu. Hata hivyo, nao haukuwa kamilifu.

Somo hilo lina uzito kwa Tanzania, nchi ambayo wananchi wake walio wengi ni vijana. Mfumo unaotegemea umri unaweza kuwapita wagonjwa wengi wanaostahili uangalizi. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kueleza zaidi kuliko tarehe ya kuzaliwa. Alama inapaswa kumsaidia mtabibu kufikiri, wala isichukue nafasi ya kumwangalia mgonjwa tena baada ya saa chache, kwani hali hubadilika.

Kwa mwananchi, jambo la kuzingatia ni muda. Dawa ya oseltamivir hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze. Mgonjwa anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa au anayezidiwa baada ya kuonekana amepata nafuu anapaswa kufikishwa au kurudishwa kituoni mara moja, hata kama jana aliambiwa hali yake si mbaya.