Ukambani ina miamba ya kustaajabisha, lakini nyumba zake zinatoweka

MTALII anayezuru eneo la Cappadocia nchini Uturuki hapelekwi kutazama mawe pekee. Huonyeshwa minara ya jivu la volkano lililoganda, kisha huingizwa ndani yake, kwa kuwa wakazi wa kale walichonga humo makao, makanisa na maghala. Jivu hilo ni laini, hukatika kwa zana za mkono. Mwaka wa 1985 UNESCO ilitia miamba ya Göreme katika orodha ya Turathi za Dunia.

Kitui na Makueni nazo zina miamba ya kusimuliwa. Uwanda wa Yatta, unaoambaa na Mto Athi upande wa mashariki, ni mkondo wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300, kutoka maeneo ya Ol Donyo Sabuk hadi ndani ya Tsavo. Ni miongoni mwa mikondo mirefu zaidi duniani. Zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita, lava hiyo ilitiririka ikifuata bonde la mto wa kale, ikaganda humo. Ardhi laini iliyokuwa kandokando ikamomonyoka, lava ikabaki. Lililokuwa bonde sasa ni mwinuko wenye mgongo tambarare, na msafiri wa barabara ya Mombasa huuona kwa mbali asijue kwamba anatazama mto uliogeuka jiwe.

Jiwe la Yatta ni gumu, halichongeki nyumba. Wakamba walijenga kwa kilichoota juu ya ardhi: fito zilizopindwa na kufungwa kwa kamba za magome, zikaezekwa nyasi. Nyumba ilikuwa ya mviringo. Palikuwa na ikumbi la kuhifadhia nafaka, na nje ya boma thome, walipoota moto wanaume na kuamua mambo ya ukoo. Nyumba ya aina hiyo hudumu maadamu yupo wa kuifanyia ukarabati. Akikosekana, mchwa humaliza kazi.

Ni rahisi kuwalaumu waliohamia kwenye mabati. Mwandishi huyu hakubaliani na lawama hizo. Katika nchi kame, paa la mabati hukinga mvua na kujaza tangi; la nyasi halitoi maji safi. Mama aliyekuwa akitembea hadi mtoni kufukua mchanga apate ndoo moja hawezi kuombwa arudi kwenye nyasi ili mgeni apige picha.

Isitoshe, suala la maji ndilo linalofanya miamba ya eneo hili kuwa zaidi ya mandhari. Vilima vya Chyulu, ambavyo ni volkano changa, havina mito. Mvua hunywewa na lava yenye matundu, ikaibukia mbali katika chemchemi za Umani kule Kibwezi, Makindu, na Mzima, ambako bomba limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950. Msitu wa Chyulu ukichomwa au kukatwa, hasara haitaishia vilimani.

Turudi kwenye nyumba. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, makumbusho na utalii wa ndani. Hata hivyo, mgeni anayefika Nzambani, jabali lililo karibu na mji wa Kitui (hili si lava), husimuliwa kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia, hupanda ngazi za chuma, hupiga picha, akaondoka. Namna waliosimulia kisa hicho walivyoishi haelezwi.

Wakazi wa Zelve, huko huko Cappadocia, walihamishwa mwaka wa 1952 kwa kuhofiwa miamba ingewaporomokea. Walipata makao salama, nacho kijiji walichoacha kikahifadhiwa kuwa makumbusho. Boma moja kamili karibu na Nzambani, lenye nyumba, ikumbi na thome, halihitaji kumhamisha yeyote. Linahitaji ardhi kidogo, fungu katika bajeti ya kaunti, na wazee wanaojua kupinda fito na kuezeka, ambao kila mwaka wanapungua.