Aluminiamu chini ya msumeno wa mbao: Kiwanda cha nyumbani ambacho sera haijakiona

MJADALA kuhusu sekta ya Jua Kali nchini Kenya umezoea kuanzia na kuishia Kamukunji na Gikomba, mahali ambapo mlio wa nyundo humpokea mgeni kabla hajayaona mabanda yenyewe. Hata hivyo, sehemu ya kazi hiyo hufanyika katika vyumba vya kupanga vya mitaa ya Eastlands, ambako mafundi hukata, hutoboa na kuchonga aluminiamu kwa mashine zilizoundwa kwa ajili ya mbao.

Kazi hiyo haina bango wala lango. Kwa sababu hiyo, wapangaji wa sera huitazama kama kero ya majirani inayostahili kuondolewa, au hawaitazami kabisa. Misimamo yote miwili ina gharama, na anayeilipa ni fundi pamoja na familia inayolala upande wa pili wa ukuta.

Kiamaiko, wadi iliyo katika eneobunge la Mathare, ni mfano mzuri wa mazingira yanayozaa kazi ya aina hii. Wakazi wengi wa Nairobi huujua mtaa huo kwa soko lake la mbuzi wanaoletwa kutoka kaskazini mwa nchi. Lakini bucha haiendeshwi kwa nyama pekee. Huhitaji kabati la vioo lenye fremu ya aluminiamu, dirisha la kusukuma na kingo za kaunta zisizoshika kutu zinapooshwa kila jioni. Vibanda vya chipsi, vinyozi na maduka ya M-Pesa nayo huhitaji vitu kama hivyo.

Mteja wa aina hiyo hana haja ya vipande elfu moja. Anataka kimoja, kwa kipimo cha mlango wake, na anakitaka leo. Kiwanda kikubwa hakiwezi kumhudumia kwa bei anayoimudu. Fundi aliye hatua chache kutoka dukani kwake anaweza.

Swali la kwanza ambalo msomaji angeuliza ni jinsi kifaa cha seremala kinavyoweza kukata metali. Jibu limo katika maumbile ya aluminiamu yenyewe. Uzito wake ni takriban thuluthi moja ya uzito wa chuma cha pua, na huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi ilhali chuma huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 1,538. Ni laini kiasi kwamba diski yenye meno yaliyotiwa kabaidi, ambayo ndiyo hutumika kukatia mbao ngumu, huikata bila kuchakaa upesi.

Sababu ya pili ni ya kiuchumi. Mashine halisi za kuchongea metali ni nzito, ni ghali, na nyingi huhitaji umeme wa nyaya tatu ambao haumo katika majengo ya kupanga. Msumeno wa umeme wa kukatia pembe, keekee ya umeme na ruta ya seremala hubebeka kwa mkono, huuzwa zikiwa zimetumika, na huchomekwa katika soketi ya kawaida. Aidha, fundi aliyezinunua ili atengeneze vitanda na meza hahitaji mtaji mpya anapopata oda ya fremu ya dirisha.

Lakini kuwezekana kwa jambo hakumaanishi kwamba halina masharti. Meno ya diski nyingi za mbao yameinamia mbele ili yauvute ubao. Yanapokutana na aluminiamu, hasa bamba jembamba, huuma kwa pupa na huweza kukirusha kipande au kuuvuta mkono wa fundi. Diski zinazofaa ni zile zenye meno mengi yaliyoinamia nyuma kidogo, na kipande sharti kibanwe kwa jiliwa, ikiwezekana kikiwa kati ya vibao viwili.

Sharti la pili ni joto. Aluminiamu ikipashwa moto na msuguano hulainika na kugandamana na meno, na kuanzia hapo diski haikati tena bali husugua. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hupaka meno nta au mafuta, na wanapotumia ruta huondoa utando mwembamba, pengine milimita moja au pungufu, kisha hurudia. Anayetaka kumaliza kwa mkupuo mmoja huvunja kifaa chake.

Kuna kosa la tatu ambalo ni la hatari zaidi. Jiwe la grainda lililoundwa kwa ajili ya chuma huziba matundu yake linaposagia aluminiamu. Likishaziba hupata joto kupita kiasi, na jiwe linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika likipasuka halichagui usoni mwa nani litaangukia. Glavu nazo, ambazo wengi huzidhania kuwa kinga, huweza kunaswa na diski na kuuvuta mkono mzima. Miwani ya kujikinga ndiyo ya lazima, na ndiyo mara nyingi hukosekana.

Kisha kuna vumbi. Unga laini wa aluminiamu hushika moto, na ukichanganyika na unga wa kutu ya chuma huweza kuwaka kwa joto kali mno. Mahali ambapo mashine moja hutumika kwa mbao asubuhi na kwa metali alasiri, chembe za moto huangukia maranda makavu. Moto wa unga wa aluminiamu hauzimwi kwa maji, kwa kuwa maji hukutana na metali hiyo iliyowaka na kuzalisha haidrojeni, gesi inayolipuka. Huzimwa kwa mchanga mkavu.

Taarifa hiyo fupi ingeweza kuokoa maisha katika mtaa ambao jambo la kwanza majirani hufanya wanapoona moshi ni kukimbilia ndoo za maji. Haimo katika mafunzo yoyote yanayomfikia fundi wa nyumbani.

Suala la umeme linazidisha uzito wa jambo hili. Mashine ya wati 1,500 katika umeme wa volti 240 huvuta zaidi ya ampea 6, na huvuta zaidi inapoanza kuzunguka. Katika mitaa ya Mathare, ambako nyumba nyingi hutegemea nyaya za 'sambaza' zilizounganishwa kiholela, waya uliokusudiwa taa na redio huweza kuyeyuka ndani ya ukuta. Wakazi wa eneo hili hawahitaji kukumbushwa jinsi majengo yalivyosongamana. Mnamo Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa liliporomoka katika mtaa jirani wa Huruma na kuua makumi ya watu.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inahusu mahali popote ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu, na haimsazi aliyejiajiri. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 nazo ziliwekea maeneo ya makazi kikomo cha desibeli 35 usiku. Msumeno wa umeme hukaribia desibeli 100. Kwa mujibu wa maandishi, basi, sehemu kubwa ya kazi hii inavunja sheria kila swichi inapobonyezwa usiku.

Hata hivyo, sheria hiyo humfikia fundi anapokosea tu. Haimfikii anapoumia. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 2007, humlinda aliyeajiriwa. Fundi anayejitegemea akipoteza vidole viwili hana mwajiri wa kumdai. Bima mpya ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, inaweza kugharimia matibabu yake ikiwa amejisajili na kulipa mchango, lakini hailipi kodi ya nyumba kwa miezi ambayo mkono huo hautafanya kazi.

Hatari nyingine imo katika malighafi. Kenya haina mgodi wa madini ya boksiti wala kiwanda cha kuzalisha aluminiamu ghafi, kwa hivyo fundi hutegemea mabamba na fremu kutoka nje au vyuma vikuukuu. Kutumia tena aluminiamu ni jambo la busara, kwani kuiyeyusha upya huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuizalisha kutoka ardhini. Lakini nyaya nyingi za kusafirisha umeme pia ni za aluminiamu.

Mnamo Januari 11, 2022, nchi ilikumbwa na giza baada ya milingoti ya laini ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka kutokana na uharibifu. Siku chache baadaye, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, ingawa Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka wa 2015 ilikuwa tayari inawataka wafanyabiashara hao wawe na leseni. Marufuku hiyo iliondolewa miezi michache baadaye. Kwa kipindi hicho, fundi mwaminifu aliyenunua mabaki ya fremu za madirisha aliadhibiwa sawa na mwizi wa nyaya.

Mabaki yasiyojulikana asili yake yana tatizo jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, uliopima vyombo 42 vya kupikia vya aluminiamu kutoka nchi 10 zikiwemo Kenya na Tanzania, uligundua kwamba baadhi yavyo hutoa madini ya risasi ndani ya chakula. Fremu ya dirisha yenye risasi kidogo haimdhuru mnunuzi. Sufuria humdhuru. Fundi asiye na njia ya kupima hawezi kutofautisha, na ni vyema asitengeneze chombo cha chakula kwa metali asiyoijua.

Serikali haiwezi kudai kwamba suala la mafundi wadogo limeijia ghafla. Shirika la Kenya Industrial Estates lilianzishwa mwaka wa 1967 ili kuwapa wenye viwanda vidogo mahali pa kazi na mikopo. Mwaka wa 1972, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliufahamisha ulimwengu kwamba sekta isiyo rasmi ilikuwa na tija wala haikuwa mkusanyiko wa wazembe. Mwaka wa 1985, Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuwaahidi mabanda, na mabanda yakajengwa.

Mpango wa kufufua uchumi wa mwaka wa 2009 nao ulileta vituo vya viwanda katika maeneobunge. Vingi vilibaki bila kutumika kwa muda mrefu. Sheria ya Biashara Ndogo ya mwaka wa 2012 iliunda mamlaka ya kuvisimamia, lakini somo la msingi lilikuwa limekwisha kudhihirika: banda likijengwa mbali na mteja, fundi hatalifuata. Atabaki pale mteja anapopita, hata ikiwa ni chumbani mwake.

Wapo wanaoshikilia kwamba dawa ni kuwafukuza mafundi katika makazi. Hoja yao haipaswi kudharauliwa. Mtoto anayesoma chini ya kelele, mgonjwa anayevuta vumbi na mpangaji anayehofia moto wana haki sawa na ya anayetafuta riziki. Tatizo ni kwamba msako haupunguzi oda za madirisha. Huisukuma kazi nyuma ya milango iliyofungwa, ambako hewa ni haba na hatari ni maradufu.

Ghana inatoa mfano wa kufikiriwa. Katika eneo la mafundi la Suame, mjini Kumasi, chuo kikuu cha teknolojia cha mji huo kilifungua mwaka wa 1980 karakana iliyokuwa na mashine ambazo fundi mmoja mmoja asingeweza kuzinunua, pamoja na wakufunzi wa kumwelekeza. Walimu walikwenda kwa mafundi. Hapa Nairobi, karakana za pamoja kama Gearbox zimeonyesha kwamba wazo hilo linaweza kutekelezwa, ila ziko mbali na Kiamaiko kwa nauli na kwa mazoea pia.

Kinachohitajika katika wadi kama hii si jumba la kifahari. Ni karakana moja yenye umeme wa kutosha, mashine ya kufyonza vumbi, jiliwa imara, ndoo za mchanga mkavu na diski zinazofaa, ambapo fundi atalipia saa anayoitumia na kurudi kwa mteja wake kwa miguu. Kukata na kuchonga kufanywe huko. Kupima na kuunganisha kubaki mtaani. Serikali ya Kaunti ya Nairobi inaweza kuanza na jaribio katika wadi moja kwa fedha za maendeleo ya wadi, badala ya kusubiri mradi wa taifa zima.

Ujuzi nao utambuliwe. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, imekuwa ikiwatahini mafundi kwa madaraja kwa miaka mingi, na sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa ilizinduliwa mwaka wa 2024. Mtihani wa kuchonga aluminiamu, ukiambatanishwa na somo la siku mbili kuhusu diski, vumbi na moto, ungempa fundi cheti na jirani yake utulivu.

Zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi nchini, nje ya kilimo cha wakulima wadogo, wako katika sekta isiyo rasmi. Kila utawala umewasifu kwenye majukwaa. Lakini sifa haimrudishii mtu kidole, na Waswahili walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa fundi wa Kiamaiko, kinga hiyo ina bei inayojulikana: diski sahihi, jiliwa, miwani, ndoo ya mchanga na mahali pa kufanyia kazi. Anayepanga bajeti ya kaunti anaweza kuikokotoa kabla ya chai ya saa nne.