PISHI PUNGUFU YA BARAZA LA MJI



Mimi ni mwenye duka, na kazi ya duka ni kipimo. Nilipokuwa mtoto chuoni maalimu wetu alitusomesha Sura ya Mutaffifin, akatufasiria habari za watu wanaotaka kutimiziwa wanapopokea na wanaopunja wanapotoa. Akatwambia kuwa pishi ni vibaba vinne, na mwenye kuuza vibaba vitatu na nusu kwa jina la pishi amekula haramu, ijapokuwa mnunuzi hakutambua. Somo hilo ndilo lililonijia moyoni siku niliyokwenda kusikiliza mkutano wa baraza la mji wetu mdogo, hapa Pemba, tangu dua ya kufungulia hadi dua ya kufungia.

Nilikwenda kwa sababu ya mtaro. Upo mtaro upitao nyuma ya soko na kushuka hadi karibu na chuo wanakosoma watoto wa mtaa wetu. Mtaro huo umejaa taka, na kila masika maji hukosa njia yakaingia chuoni. Juzuu hupandishwa darini, mikeka huanikwa juani, na watoto hurudi makwao siku mbili tatu bila ya kusoma. Mimi na wazee wawili wa mtaa tuliandika barua, tukaipeleka kwa sheha, naye akaifikisha panapohusika. Basi nikamwomba diwani wetu anipatie nafasi, nikakaa benchi la nyuma na daftari langu mkononi.

Jambo la kwanza lililoamuliwa siku ile ni ushuru wa meza za sokoni. Uliongezwa kwa nusu ya ulivyokuwa, na shauri hilo halikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Jambo la pili ni kuwaondoa akina mama wauzao mboga na samaki kando ya njia, wapelekwe katika uwanja ulio nje ya mji. Hakuna aliyeuliza kama uwanja huo una maji, au choo, au kivuli. Wala hakuna aliyeuliza ni mteja gani atakayetoka mjini mchana wa jua kufuata fungu la mchicha. Jambo la tatu ndilo letu. Karani alisoma barua yetu, na mwenyekiti akasema, "Limepokelewa, litafanyiwa kazi." Kisha wakaendelea na mengine.

Niliporudi dukani nilifungua kurasa za nyuma za daftari, kwani humo huandika kila lisilopasa kusahauliwa. Nikaona kwamba jibu hilo hilo, kwa maneno hayo hayo, tumekwisha kuletewa mara mbili kabla ya siku ile. Ushuru umepitishwa kwa kikao kimoja. Mtaro umepokelewa kwa vikao vitatu na bado umejaa. Baraza limejipimia pishi kamili, na sisi limetupimia vibaba viwili.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kuwa ushuru ni dhulma. Mji hauendeshwi kwa dua peke yake. Mwenye kuzoa taka anastahiki ujira wake, na gari la taka halitembei bila ya mafuta. Mimi hulipa, na risiti zangu nimezitunga katika msumari nyuma ya mlango. Apendaye na aje azihesabu. Nisemalo ni kwamba mtu anayetoza kwa jina la usafi wa soko hana budi kutuonyesha usafi huo, na kama fedha hazikutosha, na atuonyeshe hesabu. Mteja akinilaumu kuwa sukari ni pungufu, simwambii "limepokelewa." Nairejesha katika mizani mbele ya macho yake.

Yafaa tukumbuke tulikotoka ili tujue pa kushika. Zama za Mwingereza miji yetu midogo ilikuwa chini ya mudiri, na chini ya mudiri alikuwapo sheha, na wote hao waliwekwa kutoka juu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo ya mitaa yalishikwa na kamati za chama kilichotawala. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikazitaja serikali za mitaa. Vyama vingi viliporudi, sheria za mabaraza zikatungwa upya 1995, na mahali pake ikaja Sheria Namba 7 ya 2014. Kwa mpango huu Mkurugenzi wa baraza huteuliwa na Rais, na sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Anayetoka katika sanduku la kura la wadi yetu ni diwani. Kamba tuliyonayo mkononi ni hiyo moja. Je, tuiache kwa kuwa ni nyembamba?

Wako ndugu zetu wasemao kuwa kwenda barazani ni kupoteza wakati, na kwamba kukaa kwetu pale kunalipa baraza heshima lisiyoistahiki. Nawaheshimu wasemao hivyo, kwani wengi wao wametendewa mambo mazito, na najua machungu yao yametoka wapi. Lakini nawakumbusha yaliyotupata. Uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 ulipofutwa, chama kikuu cha upinzani cha wakati huo, CUF, kilisusia uchaguzi wa marudio wa 20 Machi 2016. Nami sikwenda kupiga kura siku ile, na hadi leo siioni kuwa ni aibu. Lakini uchaguzi ule haukuwa wa Rais na Wawakilishi tu. Ulikuwa wa madiwani pia. Kwa hiyo mpaka 2020 wengi wetu hatukuwa na mtu wa kuinua mkono barazani. Je, ushuru ulisimama kutungoja? Karani wa ushuru alipita kila asubuhi kama kawaida yake. Kususia kulikuwa na hoja zake kubwa, na hoja hizo si za kuamuliwa na mwenye duka. Lakini bei yake katika mitaa tuliilipa sisi wadogo. Wahenga wamesema, asiyekuwapo na lake halipo.

Sasa nina neno ambalo halitawapendeza baadhi yetu, na mhariri akilipitisha nitamshukuru. Diwani wetu, wa chama chetu hiki hiki, tuliyemchagua kwa kusimama foleni tangu alfajiri, siku ile alifika mkutano umekwisha kuanza. Ushuru wa meza ulipopitishwa hakusema neno. Barua ya mtaro iliposomwa alikuwa akitazama simu yake. Mkutano ulipokwisha alitia saini ya posho akaondoka, na hakuna tawi hata moja katika wadi aliloliarifu yaliyoamuliwa. Akina mama wa mboga walizipata habari za kuhamishwa kutoka kwa mwenye duka. Je, kwa uso gani tutawalaumu wa upande wa pili kwa kuficha shauri, ilhali wa upande wetu hulisikia na kulinyamazia? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kipimo pungufu ni pungufu, awe aliyekishika ni mtu wa kijani au ni mtu wetu.

Kwa hayo, natoa rai tatu kwa matawi, na zote hazihitaji fedha.

Kwanza, kila tawi lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, waombe nafasi ya kuhudhuria kila mkutano wa baraza, na wawe na daftari. Waandike lililoamuliwa, aliyelisema, na aliyenyamaza. Wasipige kelele wala wasitukane. Kalamu hutisha zaidi ya kelele.

Pili, tuandike barua moja ya mji mzima, isiyo na jina la chama, tukiomba kwamba baada ya kila mkutano maamuzi yabandikwe katika mlango wa soko kwa Kiswahili kinachosomeka, pamoja na hesabu ya kilichokusanywa sokoni na kilichotumiwa sokoni. Tuwaombe na jirani zetu wa chama tawala watie saini zao. Maji yanapoingia chuoni hayaulizi mtoto huyu ni wa kadi gani, na meza zao zimepandishiwa ushuru kama zetu.

Tatu, diwani wetu aitwe. Asiitwe kwa hasira, bali aitwe barazani kwetu, apewe kahawa, naye atupe ahadi ya kuonana na wadi ndani ya siku saba baada ya kila mkutano. Akitimiza, tutamshika mkono kwa dhati. Asipotimiza, basi tuandike katika daftari, na daftari hilo tulifungue siku chama kitakapoteua wagombea tena.

Kuna sura katika Qurani iitwayo Shura, na jina hilo peke yake ni somo kwa mwenye kuzingatia. Shauri lisilowafikia wanaolipa ni amri iliyovishwa kanzu ya shauri. Nasi tusiokwenda kulisikiliza tumeshiriki katika kulivisha.

Masika hayako mbali. Kabla hayajafika, mimi na wazee wangu wawili tutakwenda na majembe kuzibua sehemu ya mtaro iliyo karibu na chuo, siku ya Ijumaa baada ya sala, na mwenye nafasi na aje. Hilo tutalifanya kwa ajili ya watoto. Lakini hatutalifanya kuwa ni msamaha wa deni. Mkutano ujao nitakuwa tena katika benchi la nyuma, na ukurasa wa nne wa mtaro nimekwisha kuupigia mstari.

Wassalaam.

Mwenye Duka