KONA YA FUNDI: Kabla ya kununua memori, soma kwanza kipande cha zamani

Mwezi huu kona yetu inaanza kwa kuomba msamaha, halafu somo litafuata.

Ninayemwomba msamaha ni mama mmoja wa bloki ya jirani. Wengi mnamfahamu, maana ndiye anayetuchapia barua, maombi ya kazi na kadi za harusi. Kompyuta yake ni ya mezani, ya zamani, Dell OptiPlex 780, na ilikuwa na memori ya GB 2 tu. Ilikuwa nzito sana. Ukifungua barua na intaneti kwa pamoja, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi na kukuta bado inafikiri. Usiku binti yake naye anaitumia kwa masomo. Mama akaniuliza: "Fundi, nifanye nini? Wateja wananikimbia." Mimi nilikuwa na haraka, nikamjibu nikiwa nimesimama mlangoni: "Mama, ongeza memori. Mwambie kijana anunue DDR3, GB 4, vipande viwili. Basi."

Mama akatoa pesa ya zamu yake katika kikundi cha akiba, pesa aliyoingoja miezi mingi. Kijana wake akapanda basi mpaka mjini. Akarudi jioni ya siku ya pili na vipande viwili, DDR3 kweli, GB 4 kweli, tena kwa bei ya chini kuliko tulivyofikiri. Tukafurahi! Tukavipachika, vikaingia bila shida. Tukawasha. Feni ikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Tukatoa, tukafuta, tukarudisha. Nyeusi vilevile. Ndipo nikavaa miwani nikasoma ile karatasi ndogo iliyobandikwa pale juu: PC3-10600R.

Hiyo herufi moja ya mwisho, R, ndiyo iliyokula pesa ya mama. Ni memori ya seva, zile kompyuta kubwa za maofisini. Haifanyi kazi katika kompyuta kama ya kwake. Muuzaji alipopigiwa simu akasema mali ikishatoka dukani hairudi. Na kijana hakukosea, alinunua alichoambiwa. Aliyekosea ni mimi niliyetoa nusu ya maelezo. Leo nayatoa yote, ili yasimpate mwingine.

KWANZA: JE, NI MEMORI KWELI INAYOKOSEKANA?

Mfikirie fundi cherehani. Ana sanduku la vitambaa na ana meza ya kukatia. Sanduku ndiyo diski ya kompyuta, hapo kazi zinalala hata umeme ukikatika. Meza ndiyo memori, hapo kazi inafanyika sasa hivi. Meza ikiwa ndogo, fundi anashinda akikunja hiki na kurudisha sandukuni ili apate nafasi ya kukata kile. Kompyuta nayo iko hivyo. Ndiyo maana taa ya diski inawaka bila kupumzika na wewe unangoja.

Kwenye Windows 7 au Windows 10, fungua kazi zako za kila siku, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tafuta sehemu iliyoandikwa "Performance", uangalie memori. Ikiwa imejaa karibu yote, basi meza ni ndogo, kuongeza kutasaidia. Ikiwa nusu iko wazi na mashine bado inajikokota, usitoe pesa! Ugonjwa uko kwingine: virusi, vumbi kwenye feni, au diski inayokufa.

PILI: FUNGUA, USOME

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha sanduku kwa mkono kabla ya kugusa kitu ndani, maana umeme mdogo wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kusikia chochote.

Memori ni vile vibao virefu vyembamba vilivyosimama kwenye sloti, karibu na feni kubwa. Sukuma vishikizo vya pembeni, kibao kitanyanyuka chenyewe. Kishike kwenye kingo, usiguse meno ya dhahabu. Sasa soma karatasi yake. Andika kila herufi kwenye daftari, hata ambayo huielewi.

TATU: UKOO WA MEMORI

Memori zina koo, na ukoo mmoja haukai katika nyumba ya mwingine. Mashine za miaka ya mwanzo ya 2000 nyingi zilitumia DDR, yenye meno 184. Ikafuata DDR2, meno 240, umeme wa volti 1.8. Halafu DDR3, meno 240 pia, volti 1.5. Kuanzia 2014 ikaja DDR4, meno 288, volti 1.2.

Mmeona mtego? DDR2 na DDR3 zina meno sawa na urefu sawa. Ukiangalia haraka utasema ni mapacha. Tofauti iko kwenye pengo, ule mkato mdogo katikati ya meno. Kwenye DDR2 pengo liko karibu na katikati, kwenye DDR3 limesogea zaidi upande mmoja. Ziweke pamoja utaona. Pengo limewekwa makusudi, ili umeme wa nguvu nyingine usiunguze chipu. Kwa hiyo kibao kikikataa kuingia, usikilazimishe, bwana! Nimeshaona sloti iliyovunjwa kwa kidole gumba.

Kwenye karatasi ukoo umeandikwa hivi: PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Namba inayofuata ni mwendo. PC2-6400 ndiyo DDR2 ya 800. PC3-8500 ni DDR3 ya 1066, PC3-10600 ni ya 1333, na PC3-12800 ni ya 1600. Mwendo usikusumbue sana. Ukichanganya ya 1333 na ya 1066, kwa kawaida zote zitatembea kwa mwendo wa ile ya polepole, kama watu wanaosafiri na mzee. Usilipe zaidi kwa mwendo ambao mashine yako haitautumia.

Na usiamini sura ya nje ya kompyuta. OptiPlex 760 na OptiPlex 780 zinafanana kama ndugu, lakini 760 inakula DDR2 na 780 inakula DDR3. Soma namba ya modeli yenyewe.

NNE: HERUFI YA MWISHO

Hapa ndipo tulipoangukia sisi. Baada ya namba ya mwendo kuna herufi. U ni memori ya kawaida ya kompyuta ya mezani, hiyo ndiyo tunayoitaka. S ni ya laptopu, utaijua kwa ufupi wake, ni karibu nusu ya urefu. R ni ya seva. E ni ile yenye chipu ya ziada ya kukagua makosa, na kompyuta nyingi za mezani hazikuandaliwa kwa ajili yake.

Ubaya wa memori ya seva ya DDR3 ni kwamba meno ni yaleyale na pengo liko palepale, kwa hiyo inaingia vizuri kabisa. Halafu inauzwa rahisi, kwa sababu ofisi zinatupa seva za zamani na wenye kuzihitaji ni wachache. Ukiona bei inakuchekea sana, jiulize kwa nini. Karatasi ikiwa imetoka, hesabu chipu kubwa nyeusi. Memori ya kawaida mara nyingi iko na 8 upande mmoja, au 8 kila upande. Ukikuta 9 upande mmoja, weka chini, tafuta nyingine.

TANO: MASHINE INAKUBALI KIASI GANI?

Kila bodi ina kipimo chake. OptiPlex 780 ya kawaida iko na sloti 4, na inakubali mpaka GB 16, yaani kibao cha GB 4 kila sloti. Ukiipelekea kibao kimoja cha GB 8 haitakitambua.

Tena kuna jambo ambalo hata wauzaji wengi hawalijui. Mashine za miaka ya 2008 mpaka 2010 za DDR3, kama hii 780, zinasoma chipu za ujazo mdogo. Kibao cha GB 4 chenye chipu 8 tu, upande mmoja, kimetengenezwa kwa chipu kubwa za baadaye, na mashine hizi zinaweza kukikataa au kusoma nusu yake. Tafuta cha GB 4 chenye chipu 16, nane mbele na nane nyuma. Kwenye karatasi kimeandikwa 2Rx8. Kwa DDR2 nako kuna vibao vya GB 4 vya bei ndogo vinavyofanya kazi tu kwenye mashine za prosesa ya AMD. Ukiwa na prosesa ya Intel, uliza kabla.

Halafu angalia Windows yako. Ikiwa ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4, na mara nyingi utaona GB 3 na kitu tu. Kununua GB 8 hapo ni kununua meza kubwa na kuiweka nje ya nyumba. Itabidi uweke mfumo wa biti 64. Unaweza kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure. Lakini nakili kazi zako zote kwenye fleshi kwanza.

SITA: SIKU YA KWENDA MJINI

Usiende na maneno kichwani. Chukua kibao cha zamani, kifunge kwenye karatasi kavu, uende nacho. Muuzaji akikupa kipya, viweke pamoja: urefu sawa, pengo palepale, herufi ya mwisho ileile. Na kwenye kikaratasi andika:

- modeli ya kompyuta
- ukoo na namba, kwa mfano PC3-10600U
- ukubwa wa kila kibao, na sloti ngapi ziko wazi
- Windows ni biti 32 au 64

Mwombe muuzaji akijaribu kibao mbele yako kwenye mashine ya ukoo huohuo. Na kabla ya kutoa pesa, muulize: "Kisipokubali kwangu, unanibadilishia siku ngapi?" Aandike kwenye risiti. Akikataa kuandika, duka la pili lipo.

SABA: KUPACHIKA

Linganisha pengo na alama ya ndani ya sloti. Sukuma ncha zote mbili sawasawa mpaka vishikizo vifunge vyenyewe. Kompyuta ikilia pii pii au skrini ikiwa nyeusi, zima, chomoa waya, toa kibao, futa meno taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa unga wake, rudisha. Jaribu kibao kimoja kimoja, utajua nani mgonjwa. Ikiwaka, usishangilie bado. Kuna programu ya bure, Memtest86+, inayopima memori. Iache ifanye kazi mzunguko mzima mkiwa na umeme wa kutosha. Ikionyesha kosa hata moja, rudisha kibao kabla siku za risiti hazijaisha.

Sasa, mama yetu amefikia wapi? Nilikuwa na mashine mfu nyumbani, ndani yake nikakuta kibao kimoja cha GB 2, PC3-10600U. Nimempachikia bila malipo, na sasa iko na GB 4. Haikimbii, lakini inatembea, na kazi za kuchapa zimerudi. Deni langu kwake halijaisha. Tumekubaliana kwamba kila mwezi nitaweka kidogo mpaka tununue vibao viwili vya kweli, na safari hiyo nitapanda basi mimi mwenyewe.

Vile vibao viwili vya seva viko mezani kwangu. Yeyote anayetaka kununua memori apite kabla ya safari, avishike, aione ile R kwa macho yake, na alete kibao chake tukisome pamoja. Kusoma ni bure.

Tukutane mwezi ujao. Ni mimi, fundi wenu.