Maarifa ya Nyumbani: Kuchora na Kutia Rangi za Maji

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za kazi ambayo wengi huidhani kuwa mchezo wa watoto tu, nayo ni kuchora.

Kwanza yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita binti yetu alitwaa kipande cha mkaa, akamchora bibi yake ukutani, ameketi mkekani akipeta mchele. Ukuta ule tulikuwa tumeupaka chokaa juzi yake. Tulikasirika, tukamwamuru aufute mara moja, naye akaufuta. Mwaka uliofuata mama yetu alifariki. Picha ya kamera tunayo moja, naye amesimama wima kama askari. Lakini ile mikono iliyoshika ungo, na jinsi alivyoinamisha kichwa, hatunayo tena. Ndipo tulipomnunulia binti daftari na kalamu ya risasi, tukaketi naye kujifunza pamoja, mzee na mtoto. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kuchora ni kazi ya jicho kabla ya kuwa kazi ya mkono. Weka mtungi mezani, umwambie mtoto auchore. Atauchora mdomo wake mviringo kamili, kwa kuwa ajua ya kuwa ni mviringo. Lakini jicho halioni hivyo. Ukisimama na kuutazama toka juu, mdomo huwa mpana. Ukiketi, huwa mwembamba kama yai lililolala. Ukiinama hata jicho likawa sawa na ukingo wake, huwa mstari tu. Basi achore akionacho, wala si akijuacho. Aanze kwa mistari myepesi, apime urefu kwa kunyosha mkono na kalamu mbele ya jicho moja, kisha akoleze mistari iliyo sawa. Tena atazame nuru yatoka upande gani, atie kivuli upande wa pili.

Wala msitafute vitu vya fahari. Albrecht Dürer, mwana wa mfua dhahabu wa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1503 alichora kwa rangi za maji kishungi cha majani ya kawaida, kama yale tuyakanyagayo njiani. Picha hiyo ingali imetunzwa mjini Vienna. Na karibu nasi, Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, na kusoma Makerere, alichora kazi na sherehe za watu wa kijijini. Picha yake moja ya mwaka 1956 ilipata kuwekwa katika Museum of Modern Art mjini New York.

Ama rangi za maji, ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mgunga, ile itokayo hasa Sudani. Kwa kuanza zatosha rangi tatu: nyekundu, manjano na buluu. Buluu na manjano huzaa kijani. Nyekundu na manjano, rangi ya chungwa. Zote tatu pamoja, kahawia. Karatasi iwe nene. Ile ya gramu 300 kwa mita ya mraba haijikunji sana ikilowa. Wekeni vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea burashi, kimoja kibaki safi.

Sheria kubwa ni hii: nyeupe yako ni karatasi yenyewe. Pahali pa nuru paacheni wazi tangu mwanzo, mkaanze na rangi nyepesi, nzito zije baadaye. Mkitaka kupaka anga, inamisheni ubao kidogo, mjaze burashi rangi, mpitishe toka upande hata upande. Rangi hukusanyika chini ya mstari, na mstari ufuatao huipokea. Msirudi nyuma kutengeneza, maana alama haifichiki. Ngojeni ikauke kabla ya kutia rangi ya pili, isije ikavuja. Wala msiogope ikiwa yaonekana kukolea mno, kwa kuwa ikikauka hupauka.

Enyi walimu, twawasihi jambo moja: msisahihishe picha ya mtoto kwa mkono wenu. Mwulizeni tu, "Umetazama tena?" Mara nyingi kosa ataliona mwenyewe.

Binti yetu alijaribu baadaye kumchora bibi yake kwa kukumbuka. Alichora vema, nasi tumeitundika picha ile sebuleni. Lakini mwenyewe husema ya kuwa mikono siyo, nasi twajua ni kweli, maana mwenye mikono hayupo wa kutazamwa tena. Basi, aliye na mzee nyumbani asingoje hata awe fundi. Mwezi huu kila nyumba na itenge nusu saa kila siku, kabla jua halijatua, mchore kitu kimoja kilichopo: kinu, kata, au mikono ya bibi akimenya muhogo. Andikeni tarehe pembeni, wala msiichane picha hata ikiwa mbaya. Ya mwisho wa mwezi itawaonyesha mlikotoka.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za kuchora miti na vilima vya mbali. Kwaherini.