Punda Milia wa Kaskazini Hahitaji Huruma Yetu

Muulize kijana yeyote wa Nairobi Kenya ina punda milia wa aina ngapi. Atakuangalia kama umerukwa na akili. Si punda milia ni punda milia tu? Yuko Mara, anavuka mto na nyumbu, mamba anamvizia, watalii wanapiga picha. Basi, hadithi imeisha.

Haijaisha. Wako wa aina mbili, na mmoja anatutoka huku sisi tukivaa milia yake kwenye mabegi na viatu.

Namzungumzia punda milia wa Grevy, yule wa Samburu, Isiolo, Laikipia na Marsabit. Milia yake ni myembamba na imebanana, tumbo ni jeupe pe, masikio ni makubwa ya mviringo. Akilia, analia kama punda wa mkokoteni. Katika jamii nzima ya farasi na punda wanaoishi porini duniani, hakuna anayemshinda kwa ukubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 15,000 hivi katika Pembe ya Afrika. Leo wanakadiriwa kuwa 3,000 hivi. Somalia wameisha. Ethiopia wamebaki wachache. Katika kila 100 walio hai porini, zaidi ya 90 wako Kenya. Kwa hivyo tukishindwa sisi, tusitafute wa kumlaumu ng'ambo.

Hata jina lake ni la ng'ambo. Jules Grévy alikuwa rais wa Ufaransa. Menelik, kabla hajawa mfalme wa Ethiopia yote, alimtumia mnyama huyu kama zawadi, na mwaka 1882 mtaalamu wa Paris akampa jina la rais. Miaka mitano baadaye rais huyo akajiuzulu kwa aibu, kwa sababu mkwewe alipatikana akiuza nishani za serikali. Huyo ndiye mwenye jina. Lakini jina silo linaloniuma. Kinachoniuma ni kwamba tumelichukua jina pamoja na wazo lililokuja nalo: eti huyu mnyama ni wa wageni, ni wa mbuga, ni wa wenye magari ya kukodi. Sisi wetu ni kumwona kwenye runinga.

Na serikali nayo? Serikali inajua kupiga vita bunduki. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na ilikuwa lazima, maana ngozi ya mnyama huyu ilikuwa ikisakwa sana. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilipotungwa, adhabu ya kumdhuru mnyama aliye hatarini ilifikia faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Hapo sawa. Lakini niambie, kiu inafungwa gereza gani? Nyasi zikiisha, nani anapandishwa kizimbani?

Maana siku hizi kinachommaliza zaidi si risasi. Ni malisho na maji. Jike anayenyonyesha hawezi kukaa siku nyingi bila kunywa. Lazima arudi mtoni karibu kila siku. Mchana mto una ng'ombe, mbuzi na watu, kwa hivyo anasubiri usiku. Usiku simba naye yupo palepale, anasubiri. Mtoto wa punda milia anatembea mwendo mrefu kwenda na kurudi, maziwa ya mama yanapungua, miguu inachoka. Wengi hawafikishi mwaka. Mimba yake huchukua takriban miezi 13, kwa hivyo pengo la mwaka mmoja mbaya halizibiki haraka.

Novemba 2022, serikali ilitoa hesabu ya wanyamapori waliouawa na ukame kwa miezi tisa. Punda milia wa Grevy walikuwa 49. Utasema 49 ni wachache. Kwa kundi la 3,000, si wachache hata kidogo, na hiyo ilikuwa mizoga iliyoonekana tu.

Sasa hapa ndipo watu wa mjini tunapokosea njia. Tukisikia malisho yameisha, mara moja tunanyooshea kidole mfugaji: Msamburu ana ng'ombe wengi, Mborana hasikii, Mrendile apunguze ngamia. Rahisi sana kusema ukiwa Kilimani na maji yako yanaletwa na lori. Lakini mto Ewaso Nyiro haukaushwi na ng'ombe wa Samburu peke yao. Unaanzia Nyandarua na Mlima Kenya, na kabla haujafika nyanda za chini umeshanyonywa na mashamba ya umwagiliaji: maua, maharagwe, mboga za kupelekwa Ulaya. Kiangazi kikikaza, sehemu za chini zinabaki mchanga. Mfugaji na punda milia wanachimba shimo moja kwenye mchanga huo, halafu sisi tunauliza ni nani kati yao amekosa adabu.

Najua swali linalokuja. "Watu wa Kaskazini wanalala njaa, wewe unalilia punda?" Nalijibu bila kona. Ukame huohuo uliua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini. Nyasi ni zilezile, maji ni yaleyale. Ardhi isiyoweza kumlisha punda milia haitamlisha ng'ombe pia. Anayekwambia uchague kati ya mtu na mnyama, mwangalie vizuri, pengine ndiye anayechukua maji kule juu.

Na wale wanaomlinda kwa kweli ni kina nani? Si wenye chakula cha hisani hotelini. Ni wanaume na wanawake wa Samburu na majirani zao, wanaotembea kwa miguu wakihesabu makundi, wakiandika wamemwona nani, wapi, na mtoto gani. Kuna hesabu kubwa iliyoanza Januari 2016, ambapo mamia ya watu wa kawaida walitoka na kamera kumpiga kila punda milia picha ya ubavu wa kulia. Kompyuta inasoma milia kama vile polisi wanavyosoma alama za vidole, kwa sababu hakuna wawili wanaofanana. Kwa maneno mengine, tunawajua mmoja mmoja. Hatutaweza kusema hatukujua.

Tusijidanganye kwamba watarudishwa baadaye kwa teknolojia. Kwagga wa Afrika Kusini, aliyekuwa na milia mbele na rangi ya kahawia nyuma, wa mwisho alifia Amsterdam mwaka 1883, mwaka mmoja tu baada ya punda milia wetu kupewa jina. Mongolia nao walimpoteza farasi wao wa mwitu, akatoweka porini kufikia mwisho wa miaka ya 1960. Waliweza kumrudisha kuanzia 1992, lakini kwa bahati: walikuwepo waliofugwa Ulaya, na wote walio hai leo wametokana na mababu kumi na wachache tu. Ni kazi ya miongo, na ni gharama kubwa kuliko kuchunga mto mmoja.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kaskazini haipo kwenye meza ya Nairobi, na punda milia wake hayupo zaidi. Kwa hivyo sisi tulio karibu na meza tuna kazi. Barabara na reli za mpango wa LAPSSET zikipita Isiolo kwenda Turkana, tudai njia za wanyama kabla ya lami kumwagwa. Tembo walijengewa yao chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, na wanapita. Tudai vibali vya maji vya mashamba ya juu viwekwe hadharani, ijulikane nani anachota kiasi gani. Tudai ardhi za jamii zisajiliwe kwa majina ya jamii, kama sheria ya 2016 inavyosema, ili anayelinda nyasi awe na haki juu ya nyasi. Na hao wanaotembea juani kuhesabu walipwe mshahara wa maana, kutoka bajeti yetu, bila kungojea mfadhili apate huruma.

Huruma ni ya mtu aliyekwisha kushindwa. Huyu hajashindwa. Bado anasimama Kaskazini, mita mia kutoka mtoni, akingoja giza liingie ili anywe. Anahitaji maji yafike.